Raha ya Anayeweza Kuondoka

Mackinnon Road si mahali watu wa pwani wanapoenda kula mandari. Mabasi ya Nairobi hupita mbio, na madereva wanaosimama husimama kwenye ziara ya Seyyid Baghali kando ya reli, waombe dua ya safari kisha waendelee. Lakini Januari, mvua za vuli zikiwa zimeiachia nyika ya Taru majani kidogo, ingia porini mbali kidogo na barabara, ukae chini ya mbuyu na chupa ya chai na mihogo ya kuchoma. Utapata ambacho ufuo wa Diani haukupi hata kwa pesa: kimya.

Sifa hiyo naitilia shaka. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliwasomba maelfu ya wanaume kutoka Nairobi, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakaishia kambi za Manyani na Mackinnon Road. Walikuta migunga hii hii, vumbi hili hili jekundu, na bila shaka njiwa walilia asubuhi. Ukame na umbali ulioifaa serikali kwa kufungia watu ndio unaomvutia leo mtu wa mjini aliyechoshwa na honi. Basi raha haikai katika mandhari. Ingekaa humo, wafungwa wale wangeipata.

Epikuro, aliyefundisha katika bustani yake huko Athene karne ya nne na ya tatu kabla ya Kristo, alisema raha ya juu ni kutokuwa na maumivu mwilini wala fadhaa moyoni. Naona alisahau kutaja mlango. Wanafunzi wake walikuwa na ruhusa ya kutoka. Mgeni wa Januari naye anafurahia kimya kwa sababu ufunguo wa gari uko mfukoni. Mtoe huo ufunguo, uone kama atamaliza mihogo yake.

Jibu hilo lingenitosha lau si bustani za wenyeji wa Mackinnon Road. Nyuma ya nyumba nyingi za huku kuna mpapai mmoja, tuta la mchicha, maua yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi, na mwarobaini wa kivuli. Maji hununuliwa kwa dumu, kwa hiyo yaliyooshea vyombo ndiyo humwagiwa miche. Kiangazi, mama mwenye bustani hawezi kulala matangani siku tatu bila kumwachia mtu kazi ya kumwagilia. Amefungwa. Hata hivyo jioni huweka kigoda kati ya makopo yake, naye hakosi raha. Nadhani yake ni nzito kuliko ya mgeni, maana yeye anajua kila jani limegharimu nini. Utasema alijifunga kwa hiari. Ni kweli kwa mpapai, lakini ukame hakuuchagua, na bila ukame mpapai ule usingekuwa fahari yake.

Kwa hiyo uhuru wa kuondoka humlinda mtu na mateso, ila hauwezi kumpa raha ya mama yule. Mgeni wetu ameshika nusu ya jambo, naye hajui kwamba ni nusu. Mchungaji wa mbuzi atakayemkuta chini ya mbuyu atamsalimu vizuri, kisha atamuuliza gari lake limeharibika nini.