Ushirika wa Waya Mmoja

Vitu vinavyoshirikiwa na watu ni vya namna mbili: vile ambavyo upungufu wake huonekana, na vile ambavyo upungufu wake hufichika. Sinia la wali ni la namna ya kwanza. Walaji walizungukapo, kila mkono huonwa na macho yote, na adabu ya kula kilicho mbele yako hulindwa na haya kabla ya kulindwa na sheria. Kisima nacho ni vivyo hivyo: mteka maji huiona foleni iliyo nyuma yake, na foleni humwona yeye na ndoo zake. Waya wa intaneti uingiao nyumbani ni wa namna ya pili. Mtu aweza kuutwaa wote akiwa usingizini, na aliyenyimwa asijue amenyimwa na nani. Hapo huzuka swali la maadili: je, mtu ana lawama kwa kumnyima mwenziwe kitu ambacho hakujua kuwa anakitwaa?

Ili swali hili lipimwe kwa haki, yafaa jambo lenyewe lifahamike. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti iendayo kasi ilifunguliwa njia ya kuwa kitu cha nyumbani. Nyumba hununua mkondo mmoja. Mlangoni pa mkondo huo hukaa rauta, chombo kidogo kinachougawa kwa kompyuta, simu na televisheni zote za ndani. Kwa macho ya ulimwengu wa nje nyumba hiyo aghalabu ni kama mtu mmoja, kwa kuwa hutokea kwa anwani moja. Nambari za anwani za utaratibu wa zamani wa intaneti hazizidi bilioni 4.3, na ghala lake kuu lilikwisha mwaka 2011. Hila ya kuvificha vyombo vingi nyuma ya anwani moja ilielezwa kwa maandishi mwaka 1994 ili kuuahirisha uhaba huo. Kwa hiyo jamaa wa nyumba moja hushiriki jina kama wanavyoshiriki mkondo. Chombo kimoja kikipeleka uchafu nje, anwani yaweza kufungiwa milango, na wasio na kosa wakazuiwa pamoja na mkosaji. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Tanga yenye mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde. Binti wa nyumba hiyo yuko chumbani mwake, anahojiwa kwa picha na sauti na watu walio mbali kwa ajili ya nafasi ya masomo. Kazi hiyo yahitaji megabiti 2 au 3 tu. Katika chumba cha pili kakaye ameanza kupakua filamu ya gigabaiti 4. Hesabu yake ni nyepesi: gigabaiti 4 ni megabiti 32,000, na filamu ikipewa mkondo wote itachukua sekunde 3,200, yaani dakika 53. Programu ya kaka imefungua vijito 9 kwa mara moja. Binti ana kijito 1. Mkondo ukigawanywa mafungu kumi, binti hupata megabiti 1. Sura yake huganda, sauti yake hukatika, na wenye kumhoji humdhania kuwa amekosa jibu. Hutoka mbio akauliza, "Kaka, unatumia mtandao?" Naye hujibu, "La, mdogo wangu, sitazami kitu." Hasemi uongo. Anapiga pasi shati lake, na filamu inajishusha yenyewe.

Mtetezi wa kwanza wa kaka atasema kwamba kosa hukaa katika nia, na pasipo nia hapana hatia. Utetezi huu una nguvu, lakini nguvu yake si ya daima. Aliyeziba mfereji pasipo kujua husamehewa siku ya kwanza. Akisha kuambiwa kuwa maji hayafiki kwa jirani, naye asiende kuutazama mfereji, kutojua kwake kumegeuka kuwa kutotaka kujua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Methali hiyo hutaja udhaifu wa mwenye shibe, wala haimpi ruhusa ya kukaa nao.

Mtetezi wa pili atasema kwamba mkondo ni wa mwenye kuulipia, na mlipaji wa nyumba ile ni kaka. Ni kweli kwamba alipaye ana haki ya kukataa kuugawa. Walakini akisha kuwapa wengine neno la siri la kuingilia, nao wakapanga kazi zao kwa kuutegemea, amejifunga kwa ahadi hata kama hakuitamka. Nahodha aliyempakia mwenziwe chomboni hawezi kumtosa katikati ya bahari kwa hoja kwamba chombo ni chake.

Mtetezi wa tatu ni mwerevu kuliko hao wawili. Yeye husema: iachiwe mashine igawe, kwa kuwa mashine haina upendeleo. Mashine zimewahi kufunzwa kiasi, na habari zake zastahili kukumbukwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, mahali palipotengwa kwa yadi 400 tu, mwendo wa mtandao ulianguka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde. Kila kompyuta ilipoona shehena yake imepotea iliipeleka tena na tena, na kwa kusukumana hivyo njia ikazibika kwa wote. Mwaka 1988 Van Jacobson alieleza dawa yake: kompyuta ionapo shehena imepotea njiani, na ipunguze mwendo kwa nusu, kisha irudi kuongeza kidogo kidogo. Hapakuwekwa askari wa kuilazimisha. Intaneti ilisimama tena kwa sababu kompyuta nyingi ziliandikiwa kuwapisha wengine, mahali ambapo zamani zilifuata desturi ya mwenye nguvu mpishe.

Hata hivyo kiasi hicho huhesabu vijito, wala hakihesabu watu. Mwaka 2007 mhandisi Bob Briscoe alichapisha hoja kali kwamba usawa wa vijito si haki, maana afunguaye vijito vingi hujizidishia fungu. Mwaka 2018 ulichapishwa utaratibu wa foleni uitwao FQ-CoDel, unaovipa vijito zamu ili neno moja la mazungumzo lisingoje nyuma ya mizigo mia ya filamu. Ni dawa njema, na nyumba yenye rauta ya namna hiyo hupungukiwa na ugomvi. Lakini foleni haijui mahojiano wala mchezo. Na hata rauta ikifunzwa kugawa kwa vichwa, shida haiishi: watu 10 wa nyumba moja wakipewa megabiti 1 kila mmoja kwa saa zote, hakuna hata mmoja atakayeweza kuhojiwa kwa picha. Usawa huo huwapa wote kitu kisichomtosha yeyote. Zamu, ambayo kwa saa moja si sawa, kwa siku nzima humtosheleza kila mtu.

Haki ya mkondo mmoja, basi, hukaa katika kujua kipi chaweza kungoja na kipi hakiwezi. Filamu ya dakika 53 ikianza baada ya usiku wa manane haimpunguzii mtazamaji hata picha moja. Mahojiano yaliyoharibika saa nne asubuhi hayarudi kwa kuwa mkondo umerudi. Ujuzi huu haumo katika rauta. Umo katika vinywa vya watu wa nyumba, nao hupatikana kwa swali fupi kabla ya kutwaa: nani ana kazi isiyongoja? Kaka wa Tanga hana lawama kwa filamu ya kwanza. Kwa filamu ya pili ana deni la swali hilo, na akilikwepa, ule ukweli wake kwamba hatazami kitu hautamsafisha. Sinia lina walinzi wake, nao ni macho ya walaji. Waya hauna macho, na kwa hiyo kila auguswaye na mkono wake hana budi kuyaleta ya kwake.