JE, NENO « NGANGA » NI BAYA?

Waaminifu wanauliza: kama tunakatazwa kwenda kwa nganga, mbona mama anapeleka mtoto hospitali kwa munganga? Swali hili si la kuchekesha. Kwa kulielewa vibaya, mtoto mwenye homa anaweza kulazwa nyumbani mpaka kilio.

Neno ni moja, tena ni la zamani, la kabla Wabantu hawajatawanyika. Bakongo wanasema nganga, Washona wa Zimbabwe n'anga, Wachewa wa Malawi sing'anga. Katika Lingala monganga ni daktari, lakini nganga-nkisi ni mwenye dawa za mizimu na hirizi. Serikali ya Tanzania inaye Mganga Mkuu, naye ni daktari aliyesoma chuo kikuu. Watumwa wa Kongo walifika nalo Cuba, na huko, katika dini ya Palo, nganga si mtu tena, ni chungu chenye mifupa na udongo wa makaburi!

Wengi watashangaa zaidi kusikia hili. Wamisionari walipofika katika ufalme wa Kongo mwaka 1491, padri naye aliitwa nganga. Mpaka leo Kikongo kinasema nganga Nzambi, yaani nganga wa Mungu. Watu walimpa jina lile lile kwa sababu walimwona akishughulika na mambo yasiyoonekana.

Mtasema: basi afadhali « kuhani », ni neno safi. Kwa Kiebrania kohen ni mtumishi wa madhabahu, kweli. Lakini kwa Waarabu wa kale kahin alikuwa mtabiri, karibu na mpiga ramli wetu, na Kiswahili kilipokea neno hilo kwa Waarabu. Nasi tunalisoma katika Biblia bila kuogopa.

Kwa hiyo tuulize kazi ya mtu. Anayepima damu, akatoa dawa ya malaria, asidai kuku mweusi, huyo ni ndugu wa Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Anayekuambia kwamba shangazi yako ndiye ndoki aliyemfunga mtoto, mimi namkataa, hata akishika Biblia mkononi, hata akiitwa mtumishi wa Mungu. Na wewe mama uliyeuliza, homa ikipanda usiku, usingoje ibada iishe. Toka na mtoto, sisi tutakuombea njiani.