Mama wa Kisorya, Nenda kwa Daktari na Daftari Lako

Mama unayeanika dagaa pale mwaloni Kisorya, unayejua bila kuulizwa nani alichukua ndoo mbili kwa mkopo na hela ataleta lini, nina neno na wewe. Umakini huo unaolinda biashara yako, mwezi huu ulinde mwili wako.

Umefika miaka arobaini na kitu, au hamsini. Hedhi imeanza kuruka: mwezi huu inakuja, miwili inapotea. Usiku joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, shuka linalowa, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Nyumbani wanasema ni malaria. Huku kando ya ziwa nani atawalaumu? Malaria tunayo kweli. Basi pima! Damu ya kidole inatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Ikionekana huna, usirudi dukani kununua mseto kwa jasho ambalo mseto hauwezi kulikausha.

Huenda hedhi yako inaelekea kukoma. Kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inapopungua mwilini, na huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla miezi hiyo haijatimia, mimba bado inawezekana, kwa hiyo usijiachie. Huu si ugonjwa, wala hakuna aliyekuroga. Lakini wanaosema "kila mwanamke hupitia, vumilia tu" wananikera kwelikweli. Mama aliyekosa usingizi miezi sita anaambiwa avumilie nini tena?

Chukua daftari leo. Wiki tatu au nne, kila jioni, andika: hedhi ilikuja lini na damu ilikuwa kiasi gani, joto limekupanda mara ngapi, umelala kwa saa ngapi, maumivu ya viungo, mapigo ya moyo, hasira au huzuni isiyo na sababu. Andika dawa zote unazotumia, na mitishamba pia, usiifiche. Andika kama una presha au sukari, kama damu iliwahi kukuganda mguuni, kama kwenu kuna aliyeugua saratani ya matiti. Hayo ndiyo yatakayoamua kama dawa za homoni zinakufaa au ni hatari kwako. Kama kuandika ni shida, binti yako akuandikie. Naye ajue mapema yanayomsubiri. Na ukiwa unakohoa au unakonda pamoja na hilo jasho la usiku, usingoje wiki ziishe, maana kifua kikuu nacho hutoa jasho.

Sasa ile sehemu ngumu. Unaingia zahanati, na tabibu ni kijana wa umri wa mwanao. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Na hapo ulimi unakwama, unasema "mwili tu umechoka", unaondoka na panado. Usikubali! Fungua daftari, usome. Mwambie: "Mwanangu, nimekuja kwa jambo la utu uzima. Hedhi yangu imevurugika, na tendo la ndoa limekuwa maumivu kwa sababu ya ukavu." Amesomea hayo, hatashtuka. Ukishindwa kabisa, omba muuguzi wa kike. Ni haki yako. Ukavu huo una tiba, na ndoa nyingi zimeingia ubaridi kwa jambo ambalo mume hajawahi kuelezwa.

Jambo moja halina kusubiri daftari. Kama hedhi ilishakoma mwaka mzima kisha damu ikarudi, hata tone, nenda kesho asubuhi. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na mapema ndipo inapotibika. Acha dagaa waanikwe na mwingine siku hiyo.

Zahanati isipokuwa na dawa au kipimo, usirudi nyumbani mikono mitupu. Omba barua ya rufaa, uende Bunda, na ikibidi Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma. Na popote utakapotibiwa, usinyanyuke kwenye kile kiti kabla hujauliza: dawa hii inafanya kazi gani, ina madhara gani, nisipopata nafuu nirudi lini? Jibu liandike hapohapo, mbele yake.