Haki ya Mbebaji

Mwenye kumtwika mwingine mzigo ana wajibu gani kwake? Swali hili huulizwa sana juu ya watu. Mimi naliuliza juu ya farasi, kwa kuwa haki ya asiyeweza kusema ndiyo ipimayo uadilifu wetu.

Farasi hakuumbwa kwa kubeba mtu. Asimamapo, zaidi ya nusu ya uzito wake hukaa juu ya miguu ya mbele, na mpandaji huja kuuzidisha. Mgongo ukididimia, na ubavu mmoja ukikakamaa kuliko wa pili, viungo huchakaa kabla ya wakati wake. Kwa ajili hiyo ilizuka elimu ya kumzoeza taratibu: azunguke duara kubwa kulia na kushoto sawasawa, aharakishe mwendo na kuupunguza, aende mbele hali mabega yake yameingia ndani kidogo, mpaka miguu ya nyuma ijue kukanyaga chini ya mwili na kushiriki mzigo. Zoezi hilo la mabega lilielezwa na Mfaransa François Robichon de la Guérinière katika karne ya 18, na faida yake ni kwa farasi yeyote, awe wa mashindano au wa safari.

Wako wasemao kwamba lijamu kali na mjeledi hufupisha kazi. Ni kweli kuwa shingo yaweza kukunjwa kwa nguvu siku moja, lakini mgongo hubaki mgumu kama ulivyokuwa. Xenophon wa Athens, karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha onya kuwa tendo la kulazimishwa halina fahamu wala uzuri. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa ugonjwa wa polio, alipata nishani ya fedha katika mashindano ya elimu hii. Miguu yake haikuweza kushurutisha. Farasi wake alimtii.

Mtu aweza kujibu kuwa utumwa wa upole ni utumwa vilevile, maana farasi hakuomba kupandwa. Jibu hili ni zito, nami siwezi kulitangua lote. Lakini anenalo halimpunguzii mpandaji wajibu, humzidishia. Achukuaye pasipo kuombwa ruhusa adaiwa zaidi, na malipo ya deni hili ni subira ya kila siku. Basi atakaye kujua kama mpandaji alikuwa mwadilifu, asimtazame farasi siku ya nishani, amtazame uzeeni, jinsi anavyotembea.