Kumpa Tusiyemjua: Habari ya Kufuma na ya Kutoa Damu



Liko swali tulilokwisha kuulizwa zaidi ya mara moja na Wakristo wenye akili njema, nalo ni hili: Je, yawezekana kumpenda mtu usiyemjua? Swali hili huzuka hasa wakati watumishi wa hospitali wanapofika kututaka tutoe damu. Mtu husema, "Ndugu yangu akiugua nitampa damu yangu hata usiku wa manane. Lakini kuitia katika mfuko, ikachukuliwa nisikokujua, akapewa mtu nisiyemjua, huo si upendo, ni kupoteza tu." Neno hili si la kudharauliwa. Mwenye kulisema si mchoyo. Ajua ya kuwa upendo una uso na jina, na ya kuwa hukaa karibu. Basi na tulipime kwa utulivu. Wala hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Upo penye sindano za kufumia.

Katika sharika zetu za milimani mna akina mama wengi wafumao. Hawafumi kwa biashara, wala hapana aliyewaamuru. Na tumtazame mmoja wao, ambaye sasa ni bibi wa miaka sabini na zaidi. Alfajiri huwasha moto, huwatazama wajukuu waendao shule, hukata majani ya ng'ombe, hupalilia migomba, hupika. Kazi za mchana zikiisha, ndipo huketi penye mwanga, akatoa kikapuni sindano mbili na donge la uzi wa sufu. Hiyo ndiyo starehe yake. Vidole vyafanya kazi na kinywa chaongea na jirani, wala kimoja hakimzuii mwenziwe. Leo ni kofia ya mtoto mchanga. Kesho ni soksi za mzee mwenye baridi yabisi. Mwezi ujao ni sweta ya mtoto wa Kipaimara. Sufu ikiwa ghali, hununua sweta kuukuu sokoni, akaifumua, akauosha uzi, akaunyosha, akauviringisha kuwa donge, kisha akaanza upya.

Katika kazi yake hiyo twaona mambo matatu.

La kwanza, hangoji baridi. Baridi yetu hushika mwezi wa Juni na Julai. Naye huanza kufuma jua la Februari lingali kali, hata wapitao njiani wakamcheka. Ajua ya kuwa kufuma ni kitanzi baada ya kitanzi, mstari baada ya mstari, wala hakuna njia ya kukata. Mwenye kungoja mpaka mtoto atetemeke, sweta yake itakuwa tayari wakati baridi imekwisha, au mtoto amekwisha.

La pili, mara nyingi hamjui atakayeivaa nguo. Kofia zile huwekwa katika kikapu cha wodi ya wazazi, zikingoja watoto ambao hawajazaliwa, hawana uso wala jina. Je, tuseme hakuzifuma kwa upendo? Tazameni afanyavyo kitanzi kimoja kikimponyoka. Mtoto hatajua, wala mama yake hatatambua. Lakini yeye hufumua mistari mitatu, akarudi nyuma mpaka penye kosa, akalitengeneza. Kama huo si upendo, hatujui tuuite nini. Hata habari ya Dorkas wa Yafa, iliyoandikwa katika Matendo ya Mitume, haitupi neno moja alilolinena mama yule. Twaonyeshwa tu nguo alizozishona. Upendo wake haukujulikana kwa maneno, bali kwa nguo zilizobaki mikononi mwa wajane.

La tatu, uzi uliofumuliwa waweza kufumwa tena. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Sasa na tuje kwa damu. Mtu mzima ana kadiri ya lita tano za damu mwilini. Atoapo, huchukuliwa kama mililita 450, yaani kadiri ya chupa ya soda na nusu yake. Kwanza hupimwa uzito na msukumo wa damu, na tone moja la kidoleni hutazamwa kama damu yake yatosha. Kisha hulala kitandani, na kwa muda wa dakika kumi hivi kazi imekwisha; hupumzika kidogo, akanywa kitu, akaenda zake. Sehemu ya maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi kwa muda wa majuma machache. Mwili wenyewe hufuma tena kile kilichotolewa. Tena hata asiyetoa kamwe hawezi kuihifadhi damu yake kama mali, kwa maana kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa, ikaja nyingine mahali pake. Kwa hiyo anayesema, "Naiweka damu yangu," aweka kitu kisichowekeka.

Na damu hii humwendea nani? Humwendea mama avujaye damu akiisha kuzaa, ambaye aweza kufa kwa muda wa saa chache. Humwendea aliyevunjika katika ajali ya barabarani, na mgonjwa wa sikoseli. Zaidi ya hao humwendea mtoto mdogo ambaye malaria imemwishia damu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kuwa katika nchi zenye pato dogo, kama nusu ya damu itolewayo hupewa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hao wote hawawezi kungoja. Hapo ndipo udhaifu wa neno la ndugu yetu unapoonekana. Asema atatoa siku ndugu yake atakapougua. Lakini siku hiyo damu yake haimsaidii upesi. Sharti kwanza ijulikane kama yapatana na ya mgonjwa, kwa kuwa daktari Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha mwaka 1901 ya kuwa damu za wanadamu zina aina mbalimbali, na aina zisizopatana zikichanganywa, mgonjwa aweza kufa. Tena sharti ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Wakati jamaa wakipigiana simu, huyu hafai, yule yu mbali, wa tatu aogopa, mtoto yu kitandani akihema. Ile damu iwezayo kumwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa katika jokofu kabla hajaugua, nayo ilitolewa na mtu asiyemjua. Upendo ungojao kuona uso kwanza ni sweta iliyoanzwa usiku wa baridi.

Lakini liko na jambo zito zaidi. Mwenye kutaka kumjua atakayepokea, huenda pia akataka kumchagua. Tukumbuke habari ya Marekani wakati wa vita kuu ya pili. Akina mama wengi huko waliwafumia askari sweta na soksi, na watu wengi mno wakatoa damu zao kwa Msalaba Mwekundu. Mmoja wa waliotengeneza njia ya kukusanya na kuhifadhi maji ya damu, yapelekwe Uingereza mwaka 1940, alikuwa Charles Drew, daktari mtu mweusi. Walakini mwaka 1941, damu ilipoanza kukusanywa kwa ajili ya majeshi ya Marekani, damu ya watu weusi ilikataliwa. Mwaka 1942 ilikubaliwa, lakini ikawekwa mbali na damu ya weupe, kila chupa na alama yake, na desturi hiyo ya Msalaba Mwekundu haikuondolewa mpaka mwaka 1950. Drew alisema wazi kwamba hapana elimu yo yote iliyoagiza hivyo. Ndivyo mambo yanavyokuwa, upendo ukiuliza kwanza, "Huyu ni wa nani?"

Wala tusiwahukumu Wamarekani huku tukijiacha. Nasi twajua kuuliza: Huyu ni wa ukoo gani? Ni wa kabila gani? Ni Mlutheri, Mkatoliki, au Mwislamu? Katika jokofu la hospitali mifuko hukaa rafu moja, wala haikuandikwa ukoo wala dini, ila aina ya damu na tarehe. Yule Msamaria, aliyemkuta mtu amelala njiani, hakuuliza jina lake, wala Bwana wetu hakututajia jina hilo. Basi kutokujua, ambako ndugu yetu alikuona kuwa upungufu wa upendo, huenda kukawa ndiko kuulinda. Atoaye pasipo kujua hawezi kudai shukrani, wala hawezi kumfanya mpokeaji mtumwa wa fadhili zake. Hutoa, basi.

Kwa sababu iyo hiyo damu haifai kuuzwa. Mwingereza Richard Titmuss aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1970, akaonyesha ya kuwa damu itolewayo bure ni salama kuliko ile inunuliwayo. Kwa maana mwenye kutaka fedha ana sababu ya kuuficha ugonjwa wake, lakini mwenye kutoa bure hana faida ya kusema uongo. Nasi twajua jinsi jamaa waliohangaika wanavyojaribiwa kumtafuta mtu wa kumlipa kwa siri. Tusiwalaumu tu, bali tulijaze jokofu, ndipo jaribu hilo litakapokoma.

Wako wasomao Torati wakasita, kwa kuwa Musa alikataza kula damu, akisema uhai umo ndani yake. Twawaheshimu kwa kuliogopa Neno. Lakini na watazame: amri ile ililinda heshima ya uhai. Anayeitoa damu ili uhai wa mwenziwe usizimike hakuivunja heshima hiyo, bali ameitunza. Hata hivyo, twaonya pia upande wa pili. Mtu asijivune kana kwamba damu yake yamfungulia mbingu. Damu ituokoayo ni moja tu, nayo ilimwagwa mara moja. Ya kwetu haiondoi dhambi, hata kama tungetoa mara mia. Sisi tumefundishwa ya kuwa kazi zetu njema hazimwongezei Mungu kitu. Anayezihitaji ni jirani yetu. Kwa ajili hiyo twaweza kuzifanya kwa moyo mwepesi, pasipo kuhesabu, kama bibi yule asiyehesabu kofia zake.

Sasa twaandika mambo machache ya kufuatwa, ili waalimu wayatangaze. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa katika nchi yetu ya Tanzania mwaka 2004, nao una vituo vya kanda, kama kile cha Moshi kwa watu wa kaskazini. Atoaye na awe na miaka 18 hata 65, na uzito wa kilo 50 au zaidi, tena mwenye afya. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asitoe. Mfuko mmoja ukigawanywa katika sehemu zake, waweza kuwafaa watu hata watatu. Lakini damu haikai milele: damu nzima huhifadhiwa katika baridi siku 35 hivi, kisha haifai tena. Kwa hiyo haitoshi tukutane tarehe 14 Juni tu, siku ya watoa damu ulimwenguni, iliyowekwa siku ya kuzaliwa kwake Landsteiner, kisha tukalala mpaka mwaka mwingine. Kikapu cha kofia hakijazwi mara moja, kwa kuwa watoto huzaliwa kila juma. Na jokofu la damu ni vivyo hivyo. Kila usharika na upange zamu zake, vijana mwezi huu, wazee wa kanisa mwezi ule, kwaya mwezi mwingine.

Na wale wasioruhusiwa kutoa, kwa uzee au kwa ugonjwa, wasihuzunike wala wasijione si kitu. Bibi yetu amepita umri, hakuna atakayemchoma sindano. Lakini sindano zake mwenyewe hazijalala, wala ulimi wake. Kijana amwendeapo kwa sweta, humpima mabega, kisha humwuliza, "Mjukuu wangu, mimi miaka yangu imenizuia. Wewe je, umekwisha kwenda?" Naye kijana huona haya kuivaa sweta kabla hajakwenda. Maneno kama hayo, yakisemwa na mtu ambaye mikono yake yajulikana, yana nguvu kuliko hotuba zetu za madhabahuni.

Basi tumjibu ndugu yetu. Ndiyo, yawezekana kumpenda mtu usiyemjua. Umwendee kabla hajakuita, umtengenezee kwa uaminifu kitu asichoweza kukupimia thamani yake, kisha umwachie Mungu jina lake. Kwake Yeye hakuna asiyejulikana. Bwana na atupe mikono isiyongoja baridi. Amin.