Wafao Wangali na Nguvu

Mzee akifa twasema siku zake zimetimia. Lakini akifa mtu wa makamo mwenye nguvu za kazi, twauliza: hatia ni ya nani?

Tuitazame Chukotka, pembe ya mwisho ya Urusi upande wa mashariki, nchi ya barafu yenye kilometa za mraba zaidi ya 700,000. Mwaka 1989 walihesabiwa watu 164,000 hivi. Mwaka 2010 walisalia 50,000 na kidogo. Kwa maana dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, kazi nyingi zilikoma, na wageni wakarudi kwao. Wachukchi, wafugao kulungu na kuwinda wanyama wa bahari, hawakuwa na pa kurudi. Pombe kali, ajali, maradhi ya moyo na kujiua vikawaondoa wengi kabla ya uzee.

Wako wasemao, mlevi amejichimbia kaburi. Ni kweli, kila mtu hushika kikombe kwa mkono wake. Lakini mwaka 1985 serikali ilipozuia uuzaji wa pombe, vifo vilipungua katika Urusi yote. Zuio lilipolegea vikazidi, hata mwaka 1994 umri wa kutazamiwa wa mwanamume haukufika miaka 58. Je, watu wale walikuwa wenye hekima mwaka huu, na wapumbavu mwaka wa pili? Sivyo, yaliyowazunguka ndiyo yaliyogeuka.

Basi tusifanye haraka kumhukumu marehemu. Yatupasa kumwuliza aliye hai: una kazi? Una jirani? Nani akubishiaye hodi?