Nani Mkubwa Kupita Wote?

Katika nchi ya Kanada, ambako maziwa huganda kwa baridi, watu hupenda mno hoki ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, wakateleza mbio, wakipiga kwa fimbo kisahani cha mpira mpaka kiingie wavuni. Nao hawachoki kubishana: kati ya mabingwa wa zamani na wa leo, nani mkubwa kupita wote? Wasomaji wapenzi, swali hili si la mchezo tu. Ni swali la haki: je, twaweza kuwapima kwa kipimo kimoja watu ambao hawakuishi siku zilezile?

Wengine husema: Hesabu itaamua. Haya, tuisikilize. Tarehe 6 Aprili 2025 Alex Ovechkin, Mrusi, alifunga bao lake la 895, akampita Wayne Gretzky wa Kanada, aliyeacha kucheza mwaka 1999 akiwa na mabao 894. Tena kila mmoja alikuwa amecheza michezo 1,487. Je, neno limekwisha? Bado. Siku za Gretzky mabao yalikuwa mengi: msimu wa 1981-82 kila mchezo ulipata kadiri ya mabao 8, msimu wa 2015-16 hayakufika 6. Basi bao la Ovechkin lilipatikana kwa shida zaidi. Lakini Gretzky aliwapa wenzake pasi 1,963 zilizozaa mabao, na hesabu ya mabao yake haizionyeshi. Hesabu haisemi uongo, ila hujibu lile tu iliyoulizwa.

Wengine husema kinyume: Kila mtu na siku zake, tusilinganishe kamwe. Maneno haya ni ya upole, lakini yana uvivu ndani yake. Mtazameni Maurice Richard wa Montreal. Msimu wa 1944-45 alifunga mabao 50 katika michezo 50, jambo ambalo hakuna aliyelifanya mbele yake. Watu wakanung'unika: Wachezaji wengi wamekwenda vitani, huyu amewashinda wanyonge. Shaka yao ilikuwa na sababu. Lakini vita vilikwisha, askari wakarudi, na msimu wa 1946-47 Richard aliwapita tena wote kwa mabao 45. Ukweli ulijulikana kwa sababu alipimwa na wale waliosimama mbele yake, juu ya barafu ileile.

Basi tusianze kuuliza: Fulani angefanya nini leo? Hayo hakuna awezaye kuyajua. Tuulize: Alipewa nini, alikutana na nani, naye aliwapita wenzake kwa kadiri gani?

Hata nyumbani kwetu kijana humcheka mzee asiyejua kusoma, na mzee humdharau kijana asiyejua kulima. Kila mmoja humpima mwenzake kwa mambo aliyopewa yeye mwenyewe. Walakini mzee na kijana waweza kujibizana. Bingwa aliyekwisha kufa hana wa kumjibia. Kwa hiyo anayemhukumu na ajifunze kwanza habari za siku zake.